Siku Niliyopanda Bembea na Mkwe Wangu

Waliokuwepo siku ile kwenye shoo ya Kitale, yale maonyesho ya kilimo, ni hawa. Kwanza binti yangu, kitinda mimba wangu, ambaye alikuwa mgonjwa na ndiye aliyetutoa sisi wote nyumbani. Halafu mume wake, yaani mkwe wangu, mtu wa Chwele huko Bungoma, anayebeba nyanya na vitunguu kwa pikapu kutoka soko moja hadi lingine. Mtoto wao alikuwepo, msichana, wakati huo ameng'oka meno ya mbele. Alikuwepo jirani yangu, mama ambaye wazazi wake walitoka upande wa Nyeri wakanunua shamba hapa Trans-Nzoia, na tumepakana ua tangu sisi wote tukiwa na watoto mgongoni. Na mimi mwenyewe, mama ya huyo mgonjwa, nyanya ya huyo mtoto.

Majina yao yote ninayo. Hata jina la mwanamke aliyetuuzia mahindi ninalo, na la kijiji alikoolewa. Lakini siyaandiki, kwa sababu wengine wako hai na sijawauliza, na mmoja hayuko, na jina lake nikijaribu kuliandika mkono unakataa kuendelea. Mimi shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mnisamehe mahali nitakapozunguka.

Kabla sijafika kwenye shoo, wacha nieleze jambo moja kwa wale ambao si watu wa kwetu. Sisi Wabukusu, mama na mume wa binti yake wanaheshimiana mpaka mgeni anafikiri wamekosana. Hatushikani mikono. Hatuli pamoja. Mimi siketi kwenye kiti chake na yeye haketi kwenye changu. Tukikutana njiani, mmoja anaingia kwenye nyasi ampishe mwenzake. Na kumtazama usoni, hapana kabisa. Tukiwa na neno la kuambiana, tunamtuma mtu. Tangu aoe, maneno yetu yalipita kwa binti yangu, na binti yangu alipozidiwa yakaanza kupita kwa jirani, ambaye kwao mambo haya si makali hivyo, na kila mara alitucheka.

"Ninyi mmenifanya posta," alisema. "Siku moja nitachanganya barua, muone."

Binti yangu alikuja kwangu Kitale na mtoto kwa sababu ya kliniki. Ilikuwa saratani. Kutoka Chwele kuja na kurudi kulimchosha, na nyumbani kwa mume wake mama mkwe alishakufa, hakuna mtu wa kumkalia kitandani mchana mume akiwa barabarani na mizigo. Mtoto nikamwandikisha shule iliyo nyuma ya kanisa letu. Asubuhi namshonea kifungo, namfunga kamba za viatu, anaenda. Mchana anarudi na njaa ananiita nyanya kwa lugha yetu tangu kule langoni, "Kukhu! Kukhu, kuna nini ya kula?" Mkwe wangu alikuja kila alipopata nafasi. Anaketi nje kwenye jiwe la kufulia, mimi naingia ndani, binti yangu anakaa mlangoni katikati yetu na blanketi lake. Ndivyo tulivyoishi.

Siku moja daktari akatuita mimi na jirani kando, akasema tumpeleke nyumbani tumpe kile anachopenda kula. Nilielewa. Mzazi akiambiwa hivyo anaelewa, haulizi tena. Jirani alinishika mkono mpaka kituo cha magari.

Siku chache baadaye likapita gari la matangazo, lile lenye vipaza sauti juu, likisema shoo imekaribia, kutakuwa na ng'ombe wa maziwa, kutakuwa na bembea za kila aina. Binti yangu alikuwa amelala. Akafungua macho.

"Mama, nipeleke shoo."

"Na huo mwili?"

"Si ndio huo huo mwili uliokuwa unaupeleka? Ulikuwa unanipeleka kila mwaka. Na kila mwaka ulinikataza bembea kubwa."

Ni kweli nilimkataza. Ile bembea ya duara, ile inayopandisha watu juu kama ndoo za kisima, niliiogopa tangu niione. Alipokuwa mdogo nilimnunulia pamba ya sukari ili asahau, na alikula pamba huku anaitazama bembea.

Mkwe wangu akaazima gari dogo la rafiki yake, kwa sababu pikapu ina mitetemo mibaya kwa mgonjwa. Akaja asubuhi na mapema. Nyuma ya gari akaweka kiti cha plastiki, cheupe, ili mke wake akichoka kutembea aketi popote. Yeye mwenyewe alifikiria hicho kiti. Hilo naliandika kwa sababu kuna watu wamemsema vibaya baadaye, na mimi sitaki wamseme vibaya.

Safari yenyewe ilikuwa kichekesho. Binti yangu mbele, sisi wengine nyuma. Sasa kile kioo cha dereva, cha kuangalia nyuma, si kinaonyesha uso wa aliyeketi nyuma? Mkwe wangu akaona macho yangu humo, nami nikaona yake. Akakipindua kioo kikatazama dari ya gari. Tukaenda hivyo hivyo, haoni kitu nyuma. Mara honi ikalia kama ya kuita Kitale nzima.

"Lori!" jirani akapiga kelele. "Wewe kijana, kuna lori la miwa mgongoni mwetu! Heshima yenu itatuua!"

"Mama, pole," mkwe akasema, akimwambia jirani.

"Usiniambie pole, geuza kioo! Huyu mama mkwe wako nitamfunika na leso, na wewe utazame barabara."

Na kweli akanifunika. Nikaenda shoo nikiwa chini ya leso kama kuku wa kupelekwa sokoni, mtoto anacheka mpaka anapata kwikwi, na binti yangu mbele anashikilia mbavu akisema, "Msinichekeshe, naumia, msinichekeshe." Kwa muda mrefu sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Shoo ilikuwa imejaa. Vumbi, trekta mpya zimepangwa, wanafunzi wa bendi na sare zao, ng'ombe wameoshwa wanang'aa kuliko watu. Mkwe alitangulia na kiti kichwani. Mke wake akitembea kidogo, yeye anageuka, anaweka kiti, mke anaketi. Watu wakadhani tunauza viti. Mzee mmoja akauliza bei.

Binti yangu alikuja na mpango wake wa kula. Alikuwa hawezi kumeza sana, lakini alitaka kila kitu kipite mdomoni mwake. Tulianza na mahindi ya kuchoma, yaliyopakwa ndimu na pilipili. Akauma punje chache, akafumba macho, akasema, "Hii ndiyo." Akaninyooshea mimi hindi lililobaki. Sasa mimi nile vipi na mkwe amesimama pale? Nikaenda nyuma ya kibanda cha mbolea nikala nikiwa nimegeukia ukuta. Nilipotoka nikakuta mkwe naye ameenda kwenye mabanda ya ng'ombe, kunipa nafasi. Alipoitwa kula smoki, zile soseji za kibandani, na kachumbari, mimi nikajifanya naangalia mashine ya kukamua. Akija, naondoka. Nikija, anaondoka.

Chipsi zikaja kwenye karatasi, moto, na mafuta yake. Mtoto alikula akajipaka hata masikioni. Jirani akatupeleka kwa mtu wa mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na kuchomwa, maana yeye anajua mutura nzuri kwa harufu, hatakubali ya mtu yeyote. "Hii imekatwa na mtu wa kwetu," alisema, "tazama kisu kinavyokwenda." Binti yangu akaonja kipande kidogo kama ukucha. Halafu akatazama huku na huku, na mimi niliona anachotafuta. Mume wake alikuwa mbali kwenye uzio wa fahali, mimi nilikuwa nyuma ya mti wa msanduku na mutura yangu mkononi.

"Ninyi watu," aliita, na sauti yake haikuwa na nguvu ya kufika mbali, jirani ikabidi airudie kwa sauti kubwa. "Anasema, ninyi watu! Anasema ameleta familia shoo, lakini kila akitazama haoni familia, anaona jirani peke yake!"

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Lakini yeye hakuwa anacheka wakati ule. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cheupe na mikono imelala mapajani, anatutazama, huku na kule.

Mtoto akapanda vigari vinavyozunguka, akapanda farasi wa mbao, akaingia lile jumba la mpira la kurukaruka na akatolewa kwa nguvu. Kila akishuka anakimbilia kwangu, si kwa mama yake, kwa sababu kwa miezi ile alikuwa amejifunza kwamba mama yake huumia ukimrukia. Ananirukia mimi. Binti yangu aliliona hilo. Baba yake pia, nafikiri, aliliona.

Kisha binti yangu akasema, "Sasa ile kubwa."

Tulimkataza sote. Akasema, "Nitaogopa nini, mama? Nianguke nife?" Akasema hivyo akiwa anatabasamu, tukaenda.

Mwenye kuendesha mashine alikuwa mtu mzima, ana kofia ya sufu, anatafuna njugu. Akamtazama mgonjwa, akakitazama na kile kiti.

"Huyu hapandi peke yake," akasema. "Kiti changu kinabeba watatu. Mmoja kulia, mmoja kushoto, yeye katikati wamshike. La sivyo, hapandi."

Mkwe akasema atakuwa kulia. Nikamtazama jirani.

"Mimi?" jirani akasema. "Presha yangu inapanda nikiwa nimelala kitandani. Mimi nabaki na mtoto."

"Jirani, tafadhali."

"Hapana. Na usinitazame hivyo. Huyu ni binti yako, si wangu. Panda."

Baadaye sana nilijua kwamba yeye na binti yangu walipanga haya siku nyingi kabla. Presha anayo kweli, lakini angepanda. Binti yangu alimwomba akatae.

Nikasimama pale. Binti yangu ameshaketi, mume wake ameshaketi, nafasi ya kushoto iko wazi. Chuma kimoja kinapita kwenye mapaja ya wote watatu. Kiti kimoja. Tangu nizaliwe sijakaa kiti kimoja na mkwe yeyote.

"Mama, keti, watu wanangoja," mwenye mashine akasema. "Mshike msichana hapo, na huyo kijana wako amshike upande wa pili."

"Si kijana wangu. Ni mkwe."

Akaacha kutafuna. "Mkwe! Wewe ni mtu wa wapi, mama?"

"Wa Bungoma. Kwetu ni Kimilili."

"Na mimi wa Bokoli, Bungoma hiyo hiyo," akasema, akavua kofia yake. Akanitazama kwa huruma kweli. "Basi naelewa. Lakini mama, huko juu hakuna mila. Huko juu kuna hiki chuma tu. Keti na ufumbe macho."

Nikaketi. Nikavuta leso ikafunika kichwa na upande wa uso ulioelekea kwao. Akafunga chuma, akarudi kwenye mashine yake, ikanguruma, na ardhi ikaondoka miguuni mwangu.

Sitadanganya, nilipiga kelele. Binti yangu alinishika mkono wa kulia, nikasikia mifupa yake yote. Tulipanda, tukashuka, tukapanda. Upepo ukaingia kwenye leso. Mimi nilitazama upande wangu, ambao ulikuwa wa Mlima Elgon, na mkwe, najua bila kumtazama, alitazama upande wake, wa vilima vya Cherangani. Binti yangu peke yake alitazama mbele. Alikuwa anasema, "Ah. Ah. Ona mji. Ona lile kanisa. Mama, ona nyumba yetu iko wapi." Sikuona nyumba, macho yalikuwa na maji, sijui ni upepo.

Halafu mashine ikasimama. Sisi tuko juu kabisa, tunaning'inia, chini wanapakia watu wengine. Kiti kinayumba kidogo kidogo. Muziki unasikika kwa mbali.

"Sasa hamna pa kukimbilia," binti yangu akasema.

Mkwe akakohoa. Mimi nilishika chuma.

"Nataka kusema neno moja, na nataka mlisikie pamoja, si mmoja aletewe na mwingine. Mzee wangu, unanisikia?"

"Nasikia."

"Mama?"

"Nasikia, mwanangu."

"Mtoto abaki kwa mama. Mpaka amalize shule ya msingi. Likizo atakuja Chwele, ajue watu wake, ajue makaburi ya babu zake, sikatai. Ni wako, na ng'ombe wa mahari ulileta. Lakini kulala kwake na kuamka kwake, awe kwa mama. Ukimpeleka kwa mke wa kaka yako, hatapigwa, najua, ni watu wazuri. Lakini pale kuna watoto wengi na yeye atakuwa wa mwisho kuulizwa kama ameshiba. Mzee wangu, unakubali?"

Kiti kikayumba. Mimi nilikuwa natazama Elgon, wingu lilikuwa limekalia mlima, na nilisikia pumzi ya binti yangu, fupi fupi, na upande wa pili sikusikia neno. Nilisikia kama kiti kimetikisika. Kinaweza kuwa upepo. Kinaweza kuwa mtu ametikisa kichwa, au amepangusa uso.

"Asante," binti yangu akasema. Kisha akaugeuza uso wake kwangu, nikasikia pumzi yake kwenye leso. "Mama, umeona?"

Niliyekuwa natazama mlima, ningeona nini? Lakini sauti aliyoniulizia nayo ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. Nikasema, "Nimeona."

Mashine ikaanza tena, tukashuka.

Chini, jirani alikuwa amemnunulia mtoto pamba ya sukari, yote imeganda kwenye nywele. Binti yangu akaketi kwenye kiti chake akaomba kidogo ya hiyo pamba. Aliila yote, ikayeyuka mdomoni bila kumsumbua. Tukaketi hapo mpaka jua likapungua. Sikumbuki tuliongea nini. Nakumbuka mkwe alikuwa amesimama nyuma ya kiti na mkono wake uko begani kwa mke wake, nilijua kwa kuona mkono tu.

Binti yangu hakufika Krismasi. Tulimzika Chwele, kwa mume wake, kama inavyotakiwa. Watu walikuja wengi, wanawake wa soko walileta nyanya na vitunguu kwa magunia, mpaka tukakosa mahali pa kuviweka. Sitaandika habari za kaburini.

Nitaandika ile siku ya kunyoa nywele, baada ya mazishi. Hiyo ndiyo siku ambayo wazee wanaketi kutazama mambo ya marehemu, aliacha nini, nani atafanya nini, watoto watakaa wapi. Tuliketi uani. Watu wa mkwe upande mmoja, sisi wa kutoka Kimilili na Kitale upande mwingine. Mimi kati ya wanawake, leso kichwani. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwangu, amenyolewa, kichwa chake kidogo kama yai.

Mzee wa boma, baba mdogo wa mkwe wangu, ni mtu wa haki. Namjua tangu siku ya kuleta ng'ombe. Akauliza kama marehemu aliacha neno. Jirani yangu, aliyekuja nasi kutoka Kitale, akasimama. Mimi sikuweza kusema mwenyewe mbele ya mkwe. Akaeleza yote, bembea, kiti, tulipanda akina nani, na neno alilosema binti yangu kule juu. Hakuongeza hata kidogo.

Wazee wakanong'onezana. Mzee wa boma akanigeukia, lakini hakunitazama moja kwa moja.

"Mama, tunakuheshimu. Neno la marehemu tumelisikia. Sasa mwenye mtoto alikubali? Ulimsikia akikubali?"

"Sikumsikia akisema neno."

"Ulimwona akitikisa kichwa?"

Jirani akaniminya goti. Najua alichotaka niseme. Mtoto alikuwa anapumua mapajani mwangu, kinywa wazi. Mama yake tulikuwa tumemzika siku chache kabla, na udongo ulikuwa bado mwekundu pale mbele ya macho yetu.

"Mimi sikumtazama," nikasema. "Ningemtazamaje? Ni mkwe wangu."

Basi wanawake wa upande wao wakaitikia kwa sauti ya chini, ile ya kukubali. Mzee mmoja akasema, "Huyo ni mama mkwe wa heshima. Siku hizi wako wangapi?" Mwingine akasema wasichana wa leo wangemtazama hadi meno. Wakanisifu. Wakanisifu kabisa, mmoja baada ya mwingine, na kila sifa ilikuwa inamwondoa mtoto mapajani mwangu.

Wakamuuliza mkwe. Akasimama. Niliona viatu vyake, vilikuwa vya wazi, na vumbi la Chwele kwenye vidole.

"Siku ile kule juu," akasema, "nilikuwa nalia. Sijui kichwa changu kilifanya nini. Nikisema niliitika, labda nadanganya. Nikisema sikuitika, labda nadanganya vilevile. Mbele ya kaburi lake sitaki kudanganya."

Akaketi. Hakuna aliyemlaumu, na mimi sikumlaumu, maana ndivyo nami nilivyofanya muda mfupi kabla yake.

Mzee wa boma akatutazama mmoja mmoja, kama anatafuta mtu mwingine wa kuuliza. Lakini kiti kile kilikuwa cha watatu, na wa katikati ndiye tuliyemzika. Akasema, "Basi tutafuata njia tunayoijua. Mtoto ni wa boma hili. Nyanya yake atakuja kumwona anapotaka, na mlango hautafungwa."

Hawakunifanyia ubaya. Nataka hilo lieleweke. Walinipa mbuzi wa kurudi naye, walinisindikiza mpaka barabarani. Mtoto alidhani naenda dukani. Alisema, "Kukhu, uniletee mandazi." Nikasema nitaleta. Mke wa kaka ya mkwe alimshika mkono vizuri, bila nguvu. Gari likaondoka, na mimi nilikuwa nyuma, na safari hii hakuna aliyepindua kioo.

Sare yake ya shule ilibaki kwangu, niliipeleka kwa mwalimu akampa mtoto mwingine. Viatu nimebaki navyo. Huwa naenda Chwele siku ya soko, nafika na mandazi, yeye anakuja na wenzake wote wa boma, nagawa. Ni kweli alivyosema mama yake, pale watoto ni wengi. Anakula chake taratibu, haombi kingine. Nikimuuliza, "Umeshiba?" anatazama wenzake kwanza halafu ananiambia ameshiba. Meno yameota. Hanirukii tena. Ananisalimu kwa adabu, na mikono miwili.

Mkwe wangu namwona kwa mbali, anapakia nyanya. Akiniona anaingia kati ya magari anipishe. Amekonda. Hajaoa tena, ingawa wanamwambia aoe.

Haya ndiyo ninayokumbuka. Kama kuna mahali nimekosea, waliokuwepo wanisahihishe. Jirani yangu atasema kama mutura tulikula kabla ya chipsi au baada. Yule mtu wa Bokoli, kama bado anaendesha mashine, atasema kama kweli alivua kofia. Wazee wa Chwele wanajua kama nimeongeza neno kwenye maneno yao, na wakisema nimeongeza, nitafuta.

Na mkwe wangu, kama haya yatasomwa mahali alipo, naye anisahihishe. Simwombi mtoto. Hilo liliamuliwa na nimelikubali. Nataka tu, siku akikumbuka kichwa chake kilifanya nini, anijulishe, hata kama hakikufanya kitu. Binti yangu aliniuliza kama nimeona, na mimi nilimwambia nimeona. Asinijie mwenyewe, haifai. Amwambie jirani, atanifikishia.